Mamangu hana mshahara lakini SHA imemjia 870 kwa mwezi, ni nani hasa hulipiwa na serikali?

lindo_usiku

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Naomba msaada kwa wanaoelewa haya mambo ya SHA, hii bima ya afya ya serikali, manake kila ninayemuuliza ana lake.

Mamangu ako Kaloleni ndani ndani huko, miaka 66, mjane, kazi yake kushona makuti anauza, ana kuku na kishamba cha mahindi ambacho mvua ikikataa ndo basi tena. Ana presha na sukari. Sasa alienda saiba na kitambulisho na simu yake asajiliwe, kijana wa pale akamsajili vizuri tu, lakini yale maswali yanayofuata, ya nyumba ina ukuta gani unapikia nini una mifugo mingapi, akajijazia mwenyewe bila kumuuliza mama neno, mama alikuwa amekaa nje kwenye benchi anangoja aitwe. Matokeo imekuja 870 kwa mwezi. Na si ya kulipa mwezi kwa mwezi, inatakiwa ya mwaka mzima kwa mpigo, 10,440. Mama akiona elfu kumi imekaa pamoja ujue kuna matanga na watu wamechanga.

Mimi ni askari wa kampuni hapa Mombasa, mshahara 18,000, nakatwa 495. Mwenye mshahara 495, asiye na mshahara 870, hesabu gani hii?

Nauliza hivi. Naweza kumuweka mama kwa kadi yangu? Kuna watu nasikia wanalipiwa na serikali, wanachaguliwa vipi na mtu anaombea wapi? Na nimeambiwa ukipita miaka 65 ni bure kabisa, ni kweli ama ni maneno ya kahawani? Halafu kule kijijini kuna jamaa anazunguka na daftari anaitisha 500 ati aandike majina ya watakaolipiwa, mama ashataka kuuza kuku ampe. Nimemwambia angoje kwanza.

mama_afya_msambweni

Kwanza mwambie mama asiuze kuku! Huyo wa daftari ni mwizi, hakuna popote mtu anapolipa ili aandikwe kulipiwa. Mimi ni CHP, mhudumu wa afya wa kijiji, huku Kwale, niko kwa wale laki moja tulioanza na mabegi na simu 2023, na hatujawahi kuambiwa tuchukue hata shilingi kwa mtu. Mripoti kwa chifu.

Sasa nikujibu kaka. Kumuweka mama kwa kadi yako haiwezekani. Kadi yako inabeba wewe, mkeo na watoto, mzazi ni kaya yake mwenyewe, na hata enzi za NHIF, ile bima ya zamani kabla ya SHA, ilikuwa hivyo hivyo. Unachoweza ni kumlipia, yaani kadi inabaki yake na pesa inatoka kwako, hiyo hakuna anayekukataza.

Miaka 65 ni maneno ya kahawani. Umri peke yake hauleti bure. Watu wanachanganya na Inua Jamii, ile elfu mbili kwa mwezi ya wazee, na hiyo nayo inaanza miaka 70 na ni pesa ya matumizi sio bima.

Kuhusu hiyo 870, huyo kijana ndo aliyewaharibia. Nikueleze inavyokwenda. Kwa mtu asiye na pesilipu sistimu haioni mapato yake, kwa hivyo inayakisia kutoka kwa maisha yake. Inauliza nyumba ni yako au ya kupanga, ukuta wa nini, sakafu ya nini, paa la nini, maji mnatoa wapi, choo cha aina gani, taa ni stima ama sola ama koroboi, mnapikia kuni au gesi, mko wangapi, mna ng'ombe mbuzi wangapi, kuna tivii, friji, pikipiki. Ikishakusanya hayo inasema kaya hii inaonekana inaingiza kiasi fulani, kisha inachukua asilimia 2.75. Chini ya 300 haishuki hata ukiwa huna kitu. Sasa piga hesabu mwenyewe, 870 ndo asilimia 2.75 ya elfu thelathini na moja na ushee. Mamako amehesabiwa kama mtu anayeingiza elfu thelathini kwa mwezi! Kwa makuti?

Kijana wa saiba ana foleni, anabonyeza bonyeza tu, ukuta wa mawe, sakafu ya simiti, maji ya mfereji, amalize aite mwingine. Au alijaza ya nyumba anayoijua yeye. Nikienda nyumbani kwa mtu mimi huuliza kwanza hapa ni nani na nani wanakula chungu kimoja, hao ndo kaya. Mwana aliye Mombasa na nyumba yake na chungu chake hahesabiki, hata kama ndiye anayetuma sukari na unga. Kuna nyumba niliingia bibi amejaziwa nyumba ya mwanawe ya mabati na marumaru iliyo boma hilo hilo, na yeye analala kwenye kibanda cha udongo nyuma, kuni zimeegemezwa ukutani, dumu la maji la njano mlangoni, anachota kisimani. Mwanawe hata hakai hapo, imefungwa kufuli mwaka mzima.

Kwa hivyo cha kwanza ni hiyo tathmini irudiwe kwa ukweli. Mama aende mwenyewe afisi ya SHA au dawati lao Huduma Centre, abebe kitambulisho na simu yenye laini aliyosajilia, aseme majibu hayakuwa yake. Piga 147 kwanza, ni bure, uulize afisi ya karibu iko wapi asije akapoteza nauli. Na umtafute CHP wa kijiji chao amuone mama anavyoishi.

Hiyo ya kulipiwa na serikali nitarudi jioni, nina mtoto wa kupima uzito hapa.

Mchokoo254

Dada CHP unaongea vizuri lakini kwa ground ni tofauti. NHIF ilikuwa 500 kila mtu asiyeajiriwa, mwezi kwa mwezi, mtu anajua kesho yake. Sahii umeletewa maswali ya kuku na choo. Yaani ukijenga choo kizuri unaongezewa bima? Mimi kama ni mimi ningejaza nyumba ya nyasi, maji ya mto, sina hata redio, yaishe. Na hizi sheria si Mahakama Kuu ilizitupa?

karani_mapokezi

Mahakama Kuu ilizitupa Julai 2024 ndio, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hiyo hukumu Septemba, na Oktoba mosi 2024 SHA ikaanza kazi. Kwa hivyo tusirudi huko.

Nakaa dirisha la mapokezi kwa hospitali ya levo 4 huku Bonde la Ufa, jina la hospitali mniwie radhi. Wacha niongezee kitu ambacho naona kimesahaulika na ndicho kitamsaidia huyo mama leo hii kabla ya hayo mengine yote.

SHA ni mifuko mitatu. Kuna wa afya ya msingi, kuna SHIF wenyewe, mfuko wa bima mnaochangia, ambao ndio hiyo asilimia 2.75, na kuna wa dharura na magonjwa sugu. Ule wa kwanza unalipwa na serikali na hauulizi kama umechanga, unauliza tu kama umesajiliwa. Kwa hivyo zahanati na kituo cha afya, levo 2 na levo 3, zenye mkataba na SHA, mama anaingia na kitambulisho, anaonwa, anapimwa presha na sukari, anapewa dawa, halipi. Hata kama hiyo 870 hajalipa hata senti. Usajili umeshafanywa, hata kama na kijana mvivu, umeshafanywa.

Pale inapokataa ni kuanzia levo 4 kwenda juu. Mama akija kwangu kulazwa mimi nikifungua kompyuta naona haijalipwa, basi bili ni yake. Na hapa ndipo naona watu wanaumia kila siku. Mgonjwa yuko kitandani ndipo familia inaanza kuchanga pesa ya mwaka mzima, wengine wanapigia mjomba, wengine wanauza ng'ombe, mimi niko hapo na faili. Kwa mama mjamzito ni vile vile, SHIF inalipa 10,000 kwa kuzaa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, lakini kama hujalipa na umefika levo 4 hesabu inakugeukia wewe.

Dharura kabisa ni jambo lingine. Katiba kifungu cha 43 kinasema mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura, na uko huo mfuko wa tatu kwa ajili yake. Mkija mama amezidiwa na sukari msikubali kuambiwa leteni pesa kwanza.

@Mchokoo254 usimfundishe mwenzio uongo. Kudanganya kwa usajili ni kosa kisheria, na hao CHP na wazee wa nyumba kumi wanajua nani ana nini.

Mchokoo254

Na hao wanaojaza nyumba za mawe kwa watu wa udongo, hiyo sio kosa kisheria?

karani_mapokezi

Ni kosa, sijasema sio. Ndio maana nimesema mama akae mbele ya anayejaza.

bi_mkubwa_pongwe

Hamjambo wa Kenya, mimi niko Tanga, huwa napita humu kwa sababu nina ndugu Lungalunga. Kumbe na nyie mna yenu. Huku kwetu tulikuwa na CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, elfu thelathini za Tanzania kwa mwaka kaya ya watu sita, afisa msajili anakuja na simu anawapiga picha wote mlivyo. Mzee wa kuanzia miaka 60 asiyejiweza anaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, anaandikiwa barua, anaipeleka ustawi wa jamii pale hospitali, anapewa msamaha. Hiyo ndiyo sera. Sasa dirishani dawa unazikuta au unaandikiwa ukanunue, hiyo mada nyingine. Na sisi tumepata sheria ya bima ya afya kwa wote 2023, mwaka mmoja na yenu.

Je huko kwenu ustawi wa jamii haupo mama akaandikiwe barua?

karani_mapokezi

Upo dada, hospitali za serikali zina maafisa wa ustawi wa jamii na kuna watu wanapunguziwa au kusamehewa bili ikishindikana kabisa. Lakini hiyo ni ya bili iliyokwisha kuwa, mgonjwa ameshatibiwa. Haikufanyi uwe na bima. Usimpe matumaini ya huko, mambo ya Tanga yabaki Tanga.

bi_mkubwa_pongwe

Sawa baba, nimesikia 😄

mama_afya_msambweni

Nimerudi.

Ya kulipiwa na serikali. Ipo na sio porojo. Oktoba 2025 Rais alizindua mpango wa serikali kuwalipia SHIF watu milioni 2.2 wasiojiweza. Lakini hakuna fomu ya kuomba ukaijaza ukangoja. Majina yanatoka kwa hiyo hiyo tathmini mnayoilaumu, wale waliotokea chini kabisa, halafu sisi huku na machifu tunahakiki kama kweli mtu ni huyo na anaishi hivyo. Sasa unaona mtego ulipo kaka. Mamako akibaki na 870 kwenye sistimu, hata kama kesho wataongeza watu wengine milioni, yeye hatatokea, kwa kompyuta yeye ni mtu mwenye uwezo. Ndo maana nimekazania tathmini irudiwe kabla ya kufikiria kitu kingine chochote.

Na nikuambie ukweli usije ukanilaumu. Kuwa maskini hakutoshi. Kwenye kijiji changu naweza kukuonyesha kaya nyingi ambazo ni maskini na waliolipiwa ni wachache. Huwa ni wale wa mwisho kabisa, mjane hana mtu, mlemavu anayelea watoto, mzee anayelishwa na majirani. Mamako ana mwana anayefanya kazi na ana makuti yake. Mimi nikimuangalia kwa macho yangu ya kazi, anaweza kuingia na anaweza asiingie. Lakini kushuka kutoka 870 hadi 300 au karibu na hapo, hiyo naiona kabisa. 300 ni 3,600 kwa mwaka. Hiyo wewe na mshahara wako mnaimudu mkijipanga, hasa ukilinganisha na ile 500 ya NHIF ambayo kwa mwaka ilikuwa 6,000. Mchokoo hapo hukuisema.

Mchokoo254

Sikuisema kwa sababu 500 nilikuwa nalipa nikipata. 3,600 sina ya kulipa mara moja. Nyinyi mlio na mshahara hamuelewi hii kitu. Pesa yetu inakuja mia mbili leo, mia tatu kesho, haikai.

nyanya_na_vitunguu

Hapo Mchokoo amesema ukweli na mimi ni mama mboga Nakuru so nijibu hiyo.

Kuna Lipa SHA Pole Pole, iko kwa simu ukibonyeza *147#, ilianza 2025. Unalipiwa mwaka mzima saa hiyo kadi inakuwa sawa, halafu wewe unarudisha kidogo kidogo kwa siku ama wiki ama mwezi. Mimi nilichukua nalipa kwa wiki juu Jumamosi ndio soko yangu inakuwa poa. Lakini mjue ni MKOPO, watu wanaingia wakidhani serikali imewalipia, hapana, ni deni liko na jina lako na kitambulisho chako. Ukiacha kulipa ni wewe na wao. Na usichukue kabla hujarekebisha hiyo 870, utakopeshwa elfu kumi ya makosa ya mtu mwingine na utalipa hivyo hivyo.

Kitu kingine sisi tumefanya kwa chama chetu, tuko wamama kumi na nne, badala ya merigoraundi ya sufuria tukasema kila mwezi pesa inalipia mwanachama mmoja ama wawili SHA ya mwaka. Tulianza na wale wako na watoto wadogo na mmoja ako na sukari kama huyo mama. Kulikuwa na kelele mob, mwingine anasema yeye hajawahi lazwa tangu azaliwe kwa nini alipie mwingine, mpaka chairlady akamwambia basi utalipiwa wa mwisho na akanyamaza. Imefanya kazi. Huko Kaloleni hakuna kikundi cha wamama? Hata hao wa kushona makuti?

lindo_usiku

Asanteni sana, wallahi mmenifungua. Nimesoma yote hata nikachelewa zamu.

Nimempigia mama. Zahanati iko karibu na alikuwa haendi tangu aambiwe 870, alidhani asipolipa atafukuzwa. Dawa za presha alikuwa ananunua dukani za siku mbili mbili. Nimemwambia kesho aende na kitambulisho. Kikundi kipo, wanawekeza kwa ajili ya matanga tu, nitamwambia awafikishie hilo wazo.

Huyo wa daftari ni jirani yetu, na mama anaona haya kumpeleka kwa chifu.

Sasa kuna jambo sikulisema mwanzo. Mama anaishi na wajukuu wawili, miaka 7 na 4, ni watoto wa dadangu ambaye ako Saudia kazi za nyumbani. Dada hutuma kitu, mwezi mwingine anatuma mwingine hatumi, huyo tajiri wake mwenyewe humlipa akijisikia. Kwenye tathmini mama aseme kuna pesa inatoka Saudia ama anyamaze? Na hao watoto wanakuwa wa nani kwa SHA?

Mchokoo254

Anyamaze.

mama_afya_msambweni

Mchokoo bana!

Kaka, asinyamaze na asizidishe. Akiulizwa aseme kuna mwana yuko nje anatuma mara kwa mara na si kila mwezi, na aseme kiasi kama kilivyo. Ulichonieleza, mwezi unakuja mwezi haufiki, ndicho akiseme hivyo hivyo. Kijijini hakuna siri ya Saudia, kila mtu anajua nani mwanawe yuko Riyadh nani Jeddah, hata mimi najua mpaka waliojengewa na wasiojengewa. Tukija kuhakiki na kukuta imefichwa, hata yale mengine ya kweli hayaaminiki tena.

Watoto sasa. Wale wanakula chungu cha nyanya yao kwa hivyo kwenye idadi ya watu wa kaya wahesabiwe, watu watatu sio mmoja, na ninashuku kijana wa saiba aliandika mmoja. Lakini kwa upande wa bima mtoto husajiliwa chini ya mzazi wake kwa namba ya cheti cha kuzaliwa. Njia nyepesi ni dada yako ajisajili yeye, anaweza kufanya mtandaoni kwenye Afya Yangu akiwa huko huko, aweke watoto wake, na malipo yake yatabeba hao wawili. Akiwa hana uwezo huo, basi mama inabidi awe mlezi rasmi, na hapo mfike kwa chifu na afisi ya watoto ya kaunti ndogo mpate karatasi za ulezi. Msiende SHA na maneno matupu ati hawa ni wajukuu zangu, mtarudishwa.

Kwa zahanati wasajiliwe tu mapema, wa miaka 4 huyo akipata homa usiku mnaenda levo 3 na haulipi.

karani_mapokezi

Naongeza kwa watoto, cheti cha kuzaliwa wanacho? Manake hapa dirishani nusu ya matatizo ya watoto ninayoona ni cheti, hamna cheti, kuna ile karatasi ya kliniki tu. Kama hawana, anzeni na hilo sasa, linachukua muda. Na jina la mama kwenye cheti liwe sawa na la kitambulisho cha dada yako, herufi kwa herufi. Kuna watu Fatuma kwa kitambulisho na Fatma kwa cheti wanazungushwa mpaka basi.

Halafu wewe mwenyewe, umeangalia kama kampuni inapeleka hiyo 495? Kukatwa kwenye pesilipu ni kitu kimoja, kufika SHA ni kingine. Mwajiri anatakiwa apeleke kufikia tarehe 9 ya kila mwezi. Walinzi ndio naona sana, mtu anakuja na pesilipu mkononi na kwa kompyuta hana kitu. Bonyeza *147# uone.

lindo_usiku

Wa miaka 7 ana cheti, mdogo hana, alizaliwa nyumbani. Nitaanza na hicho.

Ya kampuni nimebonyeza sasa hivi kwa mara ya kwanza. Miezi miwili ya mwisho haionekani. Naingia zamu, kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwa mhasibu kabla hajafungua.

nyanya_na_vitunguu

Beba pesilipu zote, na usiende peke yako, enda na wenzako wawili watatu wa lindo. Mmoja huambiwa rudi kesho.

mama_afya_msambweni

Kwa huyo mdogo aliyezaliwa nyumbani, anzeni kwa naibu wa chifu, yeye ndiye anayeandikisha waliozaliwa nyumbani, na mama abebe kitabu cha kliniki cha chanjo kama kipo. Wakiwa hapo kwa naibu ndo mama ataje na hilo daftari la 500, hata bila kumtaja jirani jina, aseme tu kuna mtu anapita akichukua pesa. Naibu atamjua mwenyewe.